Msitu Ulioungua Haujafa

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ni kweli. Lakini hawakusema kwamba tukimbie na msumeno kabla ndege hao hawajapata pa kutua. Katika makala haya nataka kueleza yanayoupata msitu uliopigwa na moto, dhoruba au wadudu, halafu binadamu akaja nyuma kuvuna miti iliyokufa.

Wengi wetu tukiona msitu ulioungua husema, "Huo umekwisha!" Basi, afadhali magogo yauzwe kabla hayajaoza, kisha tupande miche mipya. Hoja hii ina uzito wake. Mbao zikikaa huharibika na bei hushuka, na watu wanahitaji kazi. Shida ni pale tunapoambiwa ati kukata huko ndiko kuuponya msitu.

Hebu tutazame jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka wa 2002, moto ulioitwa Biscuit, uliowashwa na radi, ulipita katika eneo la karibu hekta 200,000. Baadaye miti iliyokufa ilikatwa katika baadhi ya sehemu. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Daniel Donato, pamoja na wenzake walihesabu miche iliyokuwa imejiotea yenyewe. Kabla ya ukataji walipata kiasi cha miche 767 kwa kila hekta. Baada ya ukataji ilibaki 224 tu! Yaani asilimia 71 ilipotea. Kwa nini? Kazi ya kukata na kutoa magogo ilitibua udongo, na matawi yaliyoangushwa yakaifukia miche. Isitoshe, matawi hayo makavu yaliyoachwa chini yaliongeza kuni za moto mwingine. Baadhi ya maprofesa wa chuo hicho hicho waliliomba jarida la Science liahirishe kuchapisha matokeo hayo, lakini wapi! Yalichapishwa mwaka wa 2006.

Mfano wa pili watoka Ujerumani, katika Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, iliyoanzishwa mwaka wa 1970. Mwaka wa 1983 dhoruba iling'oa miti mingi humo. Wakuu waliamua kuiacha pale ilipoanguka. Miaka ya 1990 wadudu watoboao maganda waliangamiza maelfu ya hekta za miti mikubwa, na wenyeji wakalalamika sana. Kumbe chini ya miti ile iliyokauka miche ilikuwa ikichipuka! Leo msitu mchanga umesimama pale bila kupandwa na mtu.

Je, mti uliokufa una kazi gani? Kwanza, ni nyumba. Kigong'ota hutoboa shina lake akapata wadudu wa kula na tundu la kulelea makinda. Pili, gogo lililolala mteremkoni huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Tatu, shina lililosimama huitilia miche kivuli. Nne, uyoga na wadudu huliozesha gogo polepole, likawa mbolea. Tukiliondoa, tumeondoa nyumba, kizuizi, kivuli na mbolea kwa mpigo mmoja. Trekta nazo hukandamiza udongo hata maji yakashindwa kupenya. Hapo msitu huwa umepigwa mara mbili, na pigo la pili ni letu.

Sisemi kila gogo liachwe. Mti unaotaka kuangukia barabara au nyumba ukatwe. Shamba la miti lililopandwa kwa biashara nalo lina hesabu zake, na wadudu wakiingia humo mwenyewe ana haki ya kuwahi. Ninachosema ni kwamba anayekata kwa ajili ya pesa aseme ni pesa, asijifanye daktari.

Hata kwetu moto huzuka. Mwezi Machi 2012 uliunguza sehemu ya Mlima Kenya, tunakopata maji ya mito mingi. Miti yetu si ile ya Oregon, kwa hivyo hesabu ya miche yetu lazima tuifanye sisi wenyewe. Miongoni mwetu wamo maafisa wa misitu wa kesho. Wenzangu, mtakapotumwa kwenye msitu ulioungua, inameni kwanza mhesabu miche, ndipo mzungumze habari ya msumeno.