Rekodi Saba za Nyanda za Juu Kusini, na Nani Alilipa Gharama

Serikali za kihafidhina husutwa kila mahali kwamba zinamtanguliza mwenye mtaji, mto na msitu baadaye. Historia haisemi hivyo moja kwa moja. Richard Nixon, Rais wa Marekani kutoka chama cha Republican, ndiye aliyeunda mamlaka ya taifa ya kulinda mazingira mwaka 1970. Miaka miwili baadaye aliletewa sheria ya maji safi, akaona gharama yake ni kubwa na akaikataa. Bunge likaipitisha bila ridhaa yake. Kwetu Tanzania chama tawala ni kilekile tangu TANU na ASP ziungane mwaka 1977. Kimepitia ujamaa, kimepitia soko huria, na katika vipindi vyote viwili kimetunga sheria nzuri na kimefumbia macho uharibifu.

Basi tuache jina la itikadi, tuulize swali moja: gharama ya kulinda mazingira ilimwangukia nani? Kutoka njia panda ya Uyole, Mbeya, ukishika barabara ya Tukuyu au ile ya Makambako na Iringa, majibu yamejipanga njiani. Hizi hapa rekodi saba, tano za nyanda zetu na mbili zinazotugusa.

1. Hifadhi iliyokuwa kubwa kuliko zote: Ruaha

Ruaha ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Mwaka 2008 ikaongezewa Usangu na bonde la Ihefu, ikafikia kilomita za mraba 20,226 na kuwa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Ilishika nafasi hiyo hadi 2019, Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa ikiwa na kilomita za mraba 30,893. Kabla ya mipaka kupanuliwa, kati ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. Rekodi ni ya taifa zima, lakini walioilipia ni watu wenye fimbo na ng'ombe.

2. Ya kwanza kwa ajili ya maua: Kitulo

Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ina kilomita za mraba zipatazo 413, na aina za okidi pekee ni 45. Tishio lilikuwa la kibiashara: viazi vya okidi, chinaka, vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa kitoweo cha chikanda. Waliozuiwa hapa ni wachimbaji na wachuuzi wadogo. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu Kitulo ni chanzo cha maji ya Ruaha Mkuu, lakini haukumgusa mtu mwenye nguvu.

3. Kima aliyechelewa kujulikana: kipunji

Wanyakyusa walimjua zamani, wanasayansi wakamwona mwaka 2003 katika Mlima Rungwe. Kufikia 2006 ilionekana kwamba kinasaba yuko karibu zaidi na nyani ingawa umbo lake si la nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya ya kima wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu, hapa kwetu na Udzungwa. Mwaka uliofuata Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Adui zake ni shoka la mbao na tanuri la mkaa, biashara ambazo faida yake kubwa huishia mjini.

4. Ahadi iliyocheleweshwa kuliko zote: Ruaha Mkuu

Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye madimbwi yanayokauka. Mwezi Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, mto ukakatika kama kawaida. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi kwa ajili ya mto huohuo.

Kwa miaka mingi lawama ilibebwa na mfugaji. Lakini ng'ombe waliondolewa na mto ukaendelea kukauka. Uchunguzi wa maji uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa nje ulielekeza kidole juu zaidi, kwenye mabanio ya umwagiliaji ya Mbarali: maji huchepushwa hata mpunga ukishavunwa, yakapotea mashambani na kwenye mifereji wakati bonde la Ihefu, linaloulisha mto, linayahitaji kuliko wakati wowote. Kati ya wanaochota humo wamo wakulima wadogo wenye majaruba machache, na yamo mashamba makubwa yaliyojengwa na serikali na baadaye kuuzwa kwa watu binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mama wa Njombe au Iringa anayelima vinyungu bondeni anazijua mita hizo vizuri, kwa maana amefyekewa mahindi yake. Banio kubwa linaloachwa wazi mwezi Septemba halifyekwi na mtu.

Na hasara haikuwa ya viboko peke yao. Maji ya Ruaha Mkuu ndiyo yanayojaza Mtera, yenye megawati 80, kisha Kidatu, yenye megawati 204. Ukame wa 2006 ulipoyakuta mabwawa hayo matupu, nchi ilikaa gizani kwa mgao na viwanda vikasimama. Mto usiolindwa uliipiga biashara yenyewe.

5. Makazi madogo kuliko yote: chura wa Kihansi

Katika korongo la Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, wanasayansi walikuta mwaka 1996 chura mdogo anayezaa badala ya kutaga, akiishi katika eneo la takriban hekta mbili tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza, takriban asilimia 90 ya maji ilichepushwa na manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Nyumbani mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, lakini ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 alirudishwa korongoni, amfibia wa kwanza duniani kurejeshwa porini baada ya kutangazwa hivyo.

Wapo waliokasirika kwamba chura alithaminiwa kuliko umeme. Mimi naona ni rekodi ya heshima. Hapa serikali ilijitoza yenyewe: iliacha sehemu ya maji ipite bila kuzungusha mtambo.

6. Marufuku ya haraka kuliko zote: mifuko ya plastiki

Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni mwisho wa mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni marufuku ikaanza. Zanzibar, Rwanda na Kenya zilikuwa zimetangulia, lakini ndani ya miezi miwili soko la Uyole nalo liliachana na rambo. Safari hii waliopoteza ni wenye viwanda na waagizaji, na bado ilitekelezeka. Tangu siku hiyo hakuna kiongozi anayeweza kusema kwamba mwenye mtaji hagusiki.

7. Bwawa kubwa kuliko yote nchini: Julius Nyerere

Megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, ndani ya Selous, urithi wa dunia uliokuwa tayari kwenye orodha ya hatari tangu 2014. Serikali ilichagua umeme, na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 2024. Sasa bwawa hilo linategemea pia maji yanayoanzia Kitulo na kupita Usangu. Aliyekuwa haoni faida ya kulinda chanzo, leo ana bwawa la matrilioni linalomfundisha.

Hukumu

Swali la nani analipa limerudi hata karibuni. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kukuza utalii kusini, Ruaha ikiwemo. Aprili 2024 ilisimamisha malipo baada ya malalamiko ya wanavijiji kuhusu kuondolewa na kunyanyaswa, na Novemba mradi ukafutwa. Ukizijumlisha rekodi zote saba, somo ni hili: mara nyingi serikali hulinda upesi pale anayeumia ni mnyonge, na husita pale anayeumia ana mtaji. Kihansi na plastiki zinathibitisha kwamba kusita huko si lazima.

Kwa hiyo tuwadai viongozi wetu jambo linalopimika. Kila banio kubwa la Mbarali liwe na kipimo cha maji, na takwimu zake zibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za vijiji, jina la kila mwenye kibali likiwa wazi. Siku hiyo sheria ya mwaka 2004 itakuwa sheria ya wote.