Ubao Wenye Maji Hauponi Juani

"Fundi, nikiuanika wiki mbili utakauka?" Kila matlai inapoelekea ukingoni, watu wakianza kutoa mbao zao za tanga stoo kuungoja upepo wa kaskazi, swali hili hunifikia kutoka Paje, Jambiani na Diani, na kila mwaka maneno ni yaleyale. Anayeuliza ameshakata shauri kwamba ubao utengenezwe. Kwangu anataka hesabu ya siku tu. Hesabu hiyo haipo. Ubao wa tanga ulioingia maji haukaushwi na jua, na kila mchana unaoulaza mchangani unazidi kuuharibu.

Najua imani hii inatoka wapi. Pwani yetu inaanika karafuu, inaanika dagaa, inaanika mwani, na vyote vinakauka. Lakini mwani unapigwa na hewa pande zote, ilhali ubao umefungwa kila upande. Ndani mna povu jeupe la polistirini, lilelile la maboksi ya samaki, na karibu asilimia 98 ya povu hilo ni hewa. Juu yake imepita ngozi nyembamba ya faiba iliyoshibishwa resini ya epoksi, kazi yake ni kuzuia maji yasipite. Inayazuia kuingia, na yakishaingia inayazuia kutoka. Maji yaliyopenya kwenye ufa hutambaa kati ya chembe za povu na kwenda mbali kabisa na pale yalipoingilia. Siku ya kwanza juani utaona matone yanadondoka ufani, na matone hayo ndiyo yanayowadanganya watu. Ni maji yaliyokuwa mlangoni. Mengine yamo ndani sana, hayana haraka ya kutoka wala njia.

Jua linafanya nini basi? Hewa iliyofungwa ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 60, shinikizo lake hupanda kwa takriban asilimia 12. Ukiligeuza ongezeko hilo kuwa uzito, ni zaidi ya tani moja inayoisukuma kila mita ya mraba ya ngozi kutoka ndani. Penye maji pana mvuke pia, na mvuke huongeza nguvu yake juu ya hiyo. Sitaha, yaani uso wa juu wa ubao, yenye rangi nyeusi au nyekundu, saa saba mchana, haipati shida kufika nyuzi hizo. Ikiendelea kupanda kuelekea nyuzi 80, polistirini yenyewe inaanza kulainika.

Utaniambia skrubu ya kutolea hewa umeifungua. Vizuri, na ubao mkavu skrubu hiyo huuokoa. Katika povu lililolowa, maji yenyewe yameziba vipenyo kati ya chembe, hivyo hewa na mvuke wa chini ya sitaha havifiki kwenye tundu kwa urahisi. Vinatafuta nafasi palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni pale ngozi iliposhikana na povu, hasa mahali pa kusimama, ambapo visigino vimekwisha kupagonga kwa miaka. Gundi inaachia. Jioni ubao unapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na kupitia ufa uleule unavuta hewa yenye unyevunyevu wa usiku wa pwani. Kesho yake unaanza upya. Na hata kama maji kidogo yametoka, chumvi yake imebaki, na chumvi inavuta unyevu.

Baada ya wiki mbili mwenyewe anapapasa, anaona ngozi imekauka, anaziba ufa, anaondoka na furaha. Katikati ya msimu ananiletea ubao ambao sitaha yake inabonyea chini ya kidole gumba. Ulipokuwa na ufa tu ulikuwa kazi ya siku chache. Sasa ni kukata ngozi, kuondoa povu, kujaza na kuvika upya, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya ubao mwingine uliotumika. Hili linaniuma, kwa sababu ubao haukuharibiwa na bahari. Umeharibiwa na tiba.

Swali la kuuliza ni moja: ubao una kilo ngapi? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, vua pezi na kanda za miguu, pima, kisha linganisha na uzito aliotangaza mtengenezaji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ubao uliozaliwa na kilo 8 ukisoma kilo 11, ondoa kidogo kwa matengenezo ya zamani. Zilizobaki ni maji, hata kama kwa nje unang'aa.

Umri peke yake hauniambii mengi. Mistral One Design ilitumika Olimpiki tangu 1996 hadi 2004, na ni ubao wa aina hiyo aliousimamia Lee Lai Shan alipoipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza kabisa. Nikiletewa mmoja mkavu leo, nitautengeneza kwa moyo mweupe. Lakini ubao mwembamba wa mbio wa miaka ya tisini, hata ukiwa mzima, usimpe anayejifunza. Mnunulie mpana, sentimita 75 na kuendelea. Na aina ile ya plastiki ya polietilini ya miaka ya sabini na themanini ikipasuka, epoksi haiishiki na reli yake ya mlingoti huipati tena. Hiyo usiingie gharama.

Iliyobaki ni hivi. Uzito umezidi chini ya kilo moja na sitaha ni ngumu: tengeneza. Umezidi kilo moja hadi mbili: toboa tundu dogo upande wa chini karibu na palipolowa, vuta taratibu kwa pampu ya kunyonya hewa, ubao ukiwa kivulini, na upime kila siku mpaka mizani iache kushuka, ndipo uzibe. Umezidi zaidi ya hapo, au umevunjika mgongo, au sitaha inabonyea kuanzia reli hadi kanda za miguu: nunua mwingine, huo uutoe skrubu, kanda na pezi. Kuziba ni kwa epoksi na kitambaa cha faiba, baada ya msasa. Resini ya poliesta ya mafundi wa boti usiikaribishe, maana inayeyusha polistirini. Utaweka kiraka juu ya shimo ulilolichimba mwenyewe. Silikoni ya bafuni haishiki. Mpira wa kiungo cha mlingoti badilisha ukiona nyufa, ubao uwe mpya au mkuukuu. Ukinunua uliotumika, nenda na mizani, bonyeza sitaha yote, chungulia ndani ya tundu la pezi, kwani ndipo matumbawe yetu yanapoanzia kazi. Ukitoka majini weka ubao kivulini, fungua skrubu, na kabla ya kurudi baharini ifunge. Ubao wa moto ukiuzamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kila tundu dogo linanyonya maji.

Epoksi inataka takriban siku saba kukomaa. Anayetaka kuwa majini kaskazi ikianza Desemba, aulete ubao wake Novemba, na aulete na maji yake, bila kuuanika.