Kitenzi "Oversee" cha Kiingereza na Mipaka ya Kisawe "Simamia"

Makala haya yanafafanua maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza "oversee", ambacho wafasiri wengi hukitafsiri kuwa "simamia" bila kusita. Kimaumbo, kitenzi hicho kinaunganisha "over", yaani juu ya, na "see", yaani ona. "Supervise" kimejengwa kwa dhana hiyohiyo, ila viambajengo vyake ni vya Kilatini. Hata hivyo, yambwa zao hutofautiana: mwanafunzi wa uzamivu huambatana na "supervise", ilhali "oversee" hupendelea kazi, mradi au uchaguzi.

Vitenzi vyote viwili vimejengwa juu ya jicho. "Simamia" hakina jicho. Kimenyambuliwa kutokana na "simama" katika kauli ya kutendea, na dhana yake ya msingi ni kusimama kwa ajili ya jambo. Ndiyo maana msimamizi wa mirathi haishii kutazama. Hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa urithi.

Tofauti hii ina uzito katika matini za sheria. Ibara ya 63(2) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na matini ya Kiingereza inatumia "oversee". Lakini waziri naye husemwa kuwa anasimamia wizara yake. Kitenzi kimoja kinambeba mtekelezaji pamoja na yule anayepaswa kumhoji. Kiingereza nacho kina utata huo katika kitenzi, ila kina nomino "oversight" inayotaja udhibiti wa kitaasisi. (Ajabu ni kwamba nomino hiyohiyo ina maana ya kosa la kupitiwa, katika maana hiyo huhesabika, katika ile ya udhibiti haihesabiki.)

Nomino "overseer" ina historia chungu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyomtaja msimamizi wa watumwa katika mashamba ya Karibi na kusini mwa Marekani. Hapo "mnyapara" hukaribia zaidi kuliko "msimamizi".

Kwa mtazamo wa mtafiti, "simamia" kibaki kwa mtekelezaji. Pale Bunge linapotajwa, mfasiri aandike "kusimamia uwajibikaji wa Serikali", hata kama sentensi itarefuka.