Je, Wajua Kwa Nini Mkono Hupanda Mdomoni Bila Kutumwa?

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haikuchukua muda, ikafika Butembo, umbali wa kilomita 50 hivi upande wa kusini. Ndoo za bomba zenye maji ya klorini zikapangwa kwenye maduka, makanisa, shule na vizuizi vya barabarani. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Kirusi hicho huingilia mdomoni, machoni, puani na kwenye ngozi iliyochanika. Anayekula kucha hukifungulia milango miwili kwa mpigo: kidole chenye kidonda na kinywa kinachokipokea.

Madaktari huyaita mazoea haya ya kula kucha onikofajia. Huanza utotoni, hushamiri katika ujana, na wengine huzeeka nayo.

Si utovu wa adabu. Yako katika ukoo mmoja na kujing'oa nywele na kujidonoa ngozi. Mkono hupanda wakati wa mtihani, wakati wa hofu, hata mtu akikaa bure. Na hofu si ngeni Beni, ambako mauaji ya raia yamekuwa yakijirudia tangu Oktoba 2014.

Kucha ni keratini, kama nywele na kwato. Huzaliwa kwenye shina lililojificha chini ya ngozi, hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, na ya mkononi huchukua kama miezi 6 kujijenga upya. Ikiliwa hadi kwenye nyama, bakteria hupenya pembeni na kidole hutunga usaha. Mayai ya minyoo yaliyojificha chini yake humezwa. Meno ya mbele husagika.

Wazazi wengi hupaka pilipili. Mtoto hushtuka, ila akishanawa, mkono hurudi palepale. Madukani ipo rangi ya kucha yenye denatoniumu, kitu kichungu mno kilichogunduliwa Scotland mwaka 1958. Husaidia kumkumbusha mtu, lakini haiupi mkono kazi nyingine.

Kazi hiyo ilibuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, mwaka 1973. Kwanza mhusika huchunguza: mkono hupanda saa ngapi, akiwa wapi, akiwaza nini? Kisha kila unapoanza kupanda, hukunja ngumi au hushika kitu, kalamu kwa mfano, kwa dakika moja hadi tatu, mpaka hamu ipite. Wa nyumbani humkumbusha kwa upole na kumsifu anapoweza. Kumgombeza au kumwaibisha mbele ya wageni humzidishia wasiwasi uleule unaoupandisha mkono.

Kucha zikatwe fupi na kingo zilainishwe, maana pembe inayokwaruza huita jino. Kidole kikivimba au kutoa usaha, mtu aende kituo cha afya bila kusubiri.

Mwanafunzi wa Butembo akianza zoezi hili Septemba, shule zinapofunguliwa, kufikia Machi atakuwa na kucha mpya kumi, kutoka shinani hadi nchani.