Mteja Akipokea Mzigo Mara Mbili

Muuza nguo wa Kariakoo anayeuzia Instagram na WhatsApp hupokea oda kwa milango miwili. Mteja anaulizia gauni asubuhi Instagram, anaona kimya, mchana anaandika WhatsApp kwa jina jingine, kisha pesa inaingia kwa jina la mumewe. Wanaojibu ujumbe dukani ni wawili. Kila mmoja anafunga gauni, kila mmoja anaita bodaboda. Jioni mteja wa Mbezi ana magauni mawili, amelipia moja.

Lawama humwangukia dereva, naye mara nyingi hana kosa. Alipewa mzigo, akaufikisha. Kosa lilizaliwa oda ilipoandikwa mara mbili, au ilipokosa kuandikwa.

Hasara yake huuma. Tuseme gauni umelinunua kwa jumla shilingi 18,000 ukaliuza 25,000: faida ni 7,000. La pili likipotea pamoja na nauli ya bodaboda 5,000, umepoteza 23,000. Uza magauni mengine matatu, utapata 21,000, na pengo bado lipo.

Kinga ni rahisi, ila inataka nidhamu. Kila malipo ya simu huja na namba yake ya muamala, ambayo hakuna malipo mengine yanayoipata. Ifanye namba hiyo kuwa kitambulisho cha oda. Anayefunga mzigo aitafute kwanza daftarini. Akikuta imeandikwa “imetoka”, asifunge. Daftari nalo liwe moja, hata wanaojibu wakiwa watatu. Mifumo mikubwa ya malipo hujilinda kwa njia hiyo hiyo: ombi likitumwa tena kwa sababu mtandao ulikatika, mfumo huitambua namba yake na hautozi mara ya pili.

Kwenye lipa ukipokea hakuna muamala wa kutangulia, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Mzigo wa pili unafika mteja hayupo. Dada wa kazi au mlinzi analipa kwa nia njema, na mteja amelipia kitu ambacho hakukiagiza. Kwa oda za namna hii andika namba ya simu, bidhaa na tarehe, kisha mpigie mteja kabla dereva hajaondoka. Kama kweli anataka mbili, atasema.

Na ikishatokea? Kwa Tanzania, kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamtaka aliyeletewa kitu kwa makosa akirudishe. Haki unayo, lakini usianze nayo. Wahi kumwambia wewe, kabla hajaanza kujiuliza: “Habari dada, tumekuletea gauni la pili kwa makosa yetu. Tupe muda unaokufaa, dereva atalifuata, nauli ni juu yetu.” Nauli iwe yako yote, maana yeye hakuomba usumbufu huu. Akilipenda gauni, muuzie kwa bei uliyonunulia. Mtaji wako unarudi, na umeokoa nauli ya kulifuata.

Mzigo uliokwenda Mwanza kwa basi ni hesabu nyingine. Kabla ya kuurudisha Dar es Salaam, tazama kama una mteja mwingine huko huko anayeutaka. Wa kwanza akiridhia, bodaboda wa Mwanza atauchukua kwake na kuufikisha. Kitu cha bei ndogo kuliko nauli, mwachie na umwambie wazi kuwa ni zawadi, asiishi na wasiwasi wa kudaiwa. Vipodozi au chakula kikirudi kimefunguliwa, usimuuzie mtu mwingine.

Wapo wateja watakaonyamaza. Wakumbushe kwa adabu, na ikibidi kubali hasara. Kurusha picha na namba ya mtu mtandaoni ili umwaibishe ni kosa ninalolikemea bila kusita: namba hiyo alikupa ili umfikishie mzigo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda.

Gauni likirudi, likague na uliingize kwenye hesabu ya stoo siku hiyo hiyo, la sivyo utawaambia wateja limekwisha nalo limelala kwenye mfuko. Na kama mteja alilipa mara mbili, mrudishie pesa yake kabla hajaidai, pamoja na gharama ya kuitoa.