Wimbo mpya wa Kisukuma una watazamaji 312. Je, ni mbaya?

Ukiwa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, ingia YouTube utafute nyimbo za Kisukuma zilizotoka wiki hii. Utazikuta nyingi kuliko bando lako. Juu kuna majina yanayojulikana kanda nzima, kama Bhudagala Mwana Malonja. Chini yake kuna waimbaji wasio na lebo wala meneja, waliojilipia studio wenyewe, wimbo umepandishwa juzi na umetazamwa mara 312.

Unabonyeza upi? Tuwe wakweli, wengi wetu tunaangalia namba kwanza. Kama watu laki mbili wameusikiliza, basi lazima kuna kitu. Kama ni 312, tunapita. Makala hii ni kuhusu hiyo namba: inatuambia nini hasa juu ya wimbo, na inatuficha nini.

Dunia nane, nyimbo zilezile

Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, walichapisha jaribio zuri sana katika jarida la Science. Walichukua nyimbo 48 za bendi ambazo hazikuwa maarufu, wakaziweka kwenye tovuti, wakapata washiriki 14,341. Mshiriki anaingia, anachagua wimbo, anausikiliza, anaupa nyota, halafu akitaka anaupakua bure.

Ujanja ulikuwa hapa. Kundi moja liliona majina ya bendi na nyimbo tu, bila namba yoyote. Wengine waligawanywa katika "dunia" nane zisizojuana, na ndani ya kila dunia uliona ni watu wangapi wa dunia yako wameshaupakua kila wimbo. Dunia zote zilianza na sifuri, na nyimbo zilikuwa zilezile.

Kama wimbo hupata umaarufu kwa sababu ni mzuri tu, basi dunia zote nane zingetoa mshindi mmoja. Hazikutoa. Wimbo uitwao Lockdown wa bendi ya 52metro ulikuwa wa 26 kwa wale wasioona namba, yaani katikati kabisa. Kwenye dunia moja ukawa wa kwanza. Kwenye nyingine ukawa wa 40. Waimbaji ni walewale na sauti ni ileile, ila waliotangulia kuubonyeza ni watu tofauti.

Hii haina maana kwamba ubora ni hadithi. Nyimbo zilizopendwa sana na kundi lisiloona namba ni nadra kushika mkia, na zile mbovu ni nadra kuongoza. Lakini kwa nyimbo za kati, na nyimbo nyingi duniani ni za kati, lolote liliwezekana. Na watafiti walipozipanga kwa safu, iliyopakuliwa zaidi ikiwa juu, pengo kati ya walionacho na wasionacho likapanuka zaidi. Orodha za simu zetu nazo hupenda kuweka juu kile kilichokwisha kubonyezwa.

Mwaka 2008 Salganik na Watts wakaja na lingine, la kichokozi. Walidanganya washiriki: namba za wimbo ulioongoza wakaupa wa mwisho, za wa mwisho wakampa kinara. Baadhi ya nyimbo dhaifu zikapaa kweli kwa sababu ya uongo ule. Wimbo bora ulianza kujikongoja kurudi juu, taratibu. Ila jumla ya nyimbo zilizopakuliwa ilishuka. Kwangu hili ndilo la kusikitisha kuliko yote: ukipewa orodha yenye vitu vibovu juu, huendi chini kutafuta vizuri. Unaondoka.

Wazee walishaujua mchezo wa umati

Hapa Usukuma habari ya umati kuvuta umati si mpya. Tangu karne ya 19 kuna jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zinazofuata majina ya waanzilishi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Mashindano haya bado yapo. Ukienda Bujora, Kisesa, mwezi wa sita kwenye sherehe za Bulabo, utayaona.

Kwa hiyo kila mbinu ya kuvuta watu ilitumika. Wengine wakaja na chatu, wengine na mavazi na vituko, na dawa ya kuvuta watu nayo ilitafutwa, maana mchezaji alijua kwamba watu hamsini wa kwanza wakisimama kwake, wapita njia watauliza "kuna nini pale?" na kusogea.

Ila angalia tofauti moja. Uwanjani unasikia ngoma zote mbili kwa masikio yako, hata ukiwa umesimama kwa Bagika. Ukichoka, unahama. Kwenye simu unauona umati kabla ya kusikia ngoma, na ngoma ya pili huisikii kabisa.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Nyimbo nyingi za Kisukuma zinaimbiwa harusi, na jina la mwenye harusi linakuwa ndiyo jina la wimbo. Ukoo mzima utautafuta, utautuma kwenye magrupu ya WhatsApp, utaupiga kwenye sabufa mpaka alfajiri. Huo ni umati wa kwanza uliolipiwa na undugu. Sisemi ni vibaya, maana ndipo mwimbaji anapopatia riziki. Lakini namba ya wiki ya kwanza inaweza kuwa inapima ukubwa wa ukoo tu. Mwenzake aliyeimba juu ya ukame, au juu ya kijana aliyekwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu akapotelea huko, hana ukoo wa kumsukuma.

Kwa nini mara ya kwanza haitoshi

Sasa tuje kwenye sikio. Mwaka 2013 Valorie Salimpoor na wenzake wa Montreal, Kanada, waliwaweka watu 19 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha vipande 60 vya nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia. Kila mmoja aliambiwa atoe fedha yake mwenyewe kama anautaka wimbo. Kadiri mtu alivyokubali kulipa zaidi, ndivyo sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo nukliasi akambensi, inayohusika na thawabu, ilivyochangamka. Na ilikuwa ikiwasiliana kwa nguvu zaidi na sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti, ambako kumetunzwa mifumo ya muziki wote uliowahi kuusikia.

Yaani utamu wa wimbo mpya unategemea nyimbo za zamani ulizonazo kichwani. Ubongo unabashiri sauti inayofuata, na raha inatoka kwenye kubashiri, kupatia, na kukosea kidogo. Mchimbaji aliyekuja Geita kutoka Mtwara akisikia nyimbo tano za Kisukuma atakuambia zote ni moja. Hana kigezo cha kubashiri. Hajui kiitikio kinaingia lini, kwa hiyo hata mwimbaji akikichelewesha kwa makusudi, utani huo unampita. Mpe miezi mitatu ya kusikia sabufa ya jirani na ataanza kuchagua.

Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, ingawa kwa nyimbo kuna kikomo, ukizidisha inakera. Ndiyo maana wimbo mkubwa una faida mbili: una namba, na umeshausikia kwenye daladala, kinyozi na mnadani kabla hujaamua kuusikiliza. Ule wa 312 unapewa sekunde ishirini za nafasi yake ya kwanza na ya mwisho.

Ukitaka kulijaribu hili mwenyewe, mshirikishe rafiki. Yeye achague nyimbo sita zilizotoka mwezi huu, tatu za wakubwa na tatu za wasiojulikana, akurushie kwa bluetooth au kwenye memori kadi zikiwa na herufi tu: A, B, C mpaka F. Usione video, kwa sababu gari na mavazi navyo ni namba. Sikiliza kila moja mara tatu kwa siku tofauti, uipe alama kila mara na usirudi kuangalia za jana. Siku ya nne rafiki akuonyeshe majina na watazamaji. Kama Kisukuma chako ni cha kuombea maji, kaa na mtu wa kukufasiria mistari, maana nusu ya utamu iko kwenye mafumbo.

Na kama mmoja wa wale watatu wasiojulikana amepata alama za juu, tuma kiungo chake kwa watu watano leo, akiwa bado na 312. Akishafika laki mbili, mchango wako hauonekani.