Faili Elfu Kumi za Maneno Machache

Anayeandika programu kwa Smalltalk haanzi kwa kufungua faili. Tangu lugha hiyo ilipobuniwa Xerox PARC, California, miaka ya 1970, kila kitu hukaa ndani ya mazingira mamoja yaliyo hai: madarasa, metodi, madirisha unayoyaona, hata kihariri unachoandikia. Ukihifadhi, vyote huingia katika faili moja kubwa ambayo wenyewe huiita imeji. Utamu wake ni kwamba ukirekebisha metodi, inafanya kazi papo hapo. Karaha huanza ukitaka kuipeleka kazi hiyo kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, maana Git haijui metodi wala darasa. Inajua faili na folda, basi.

Kwa watumiaji wa Pharo, ambayo ni Smalltalk ya kisasa na huria, njia iliyoenea mwanzoni iliitwa FileTree. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kila kifurushi folda yake, kila darasa folda yake, kila metodi faili yake. Metodi at:put: ikawa faili iitwayo at.put..st, kwa kuwa Windows haikubali nukta pacha katika jina la faili. Kwa anayefuatilia historia ya kazi, mpango huo ulipendeza: mara moja unaona ni metodi ipi iliyoguswa na nani.

Kasi ndiyo iliyoumia. Metodi nyingi za Smalltalk ni fupi mno. Ile ya kurudisha jina la mteja haizidi mistari miwili. Tuseme mradi una metodi 10,000, kila moja baiti 300. Jumla ni megabaiti 3 tu, mzigo ambao diski yoyote ya leo huuandika kufumba na kufumbua. Lakini mfumo endeshi hutoza kama daladala: nauli ni ya kichwa, si ya uzito. Kila faili lazima iundwe, iandikwe kwenye orodha ya folda, ipewe ruhusa na tarehe, ifunguliwe, ifungwe. Kwenye Windows, programu ya kuzuia virusi nayo hutaka kuichungulia. Kila faili ikila milisekunde 3 tu, faili 10,000 ni nusu dakika ya kukodolea macho skrini, na wewe ulibadilisha neno moja.

Hilo neno moja ndilo lenye mkasa wenyewe. FileTree ilipohifadhi kifurushi, ilikiandika chote upya, hata metodi ambazo hazikuguswa. Git, ili isisome kila faili kila mara, hutunza faharasa yenye ukubwa na muda wa mwisho wa kila faili kuandikwa. Vikilingana na vilivyoko kwenye diski, inapita. Sasa faili zote zimepata muda mpya. Git inalazimika kuzisoma upya na kukokotoa alama ya kila moja, kisha inagundua kwamba karibu zote ziko vilevile. Kazi imefanyika mara mbili, na mara zote mbili bure.

Watu hukimbilia kulaumu diski. Diski mpya husaidia kiasi, ila idadi ya faili haipungui. Hata Microsoft ilipohamishia msimbo wa Windows kwenye Git, hazina yenye faili takriban milioni 3.5, amri ya kuuliza tu hali ya kazi ilichukua dakika kadhaa. Mwaka 2017 wakatangaza mfumo wao wa kuleta faili pale tu zinapohitajika. Kwa miradi ya kawaida, tangu toleo 2.37 la mwaka 2022, Git yenyewe ina mlinzi wa faili kwa Windows na macOS: ukiwasha core.fsmonitor, mfumo endeshi huitaarifu kuhusu faili zilizoguswa badala ya Git kuzikagua zote. Washa. Lakini haitakuokoa na programu inayogusa kila faili.

Dawa ya Pharo ilikuwa kubadili muundo. Esteban Lorenzano alibuni Tonel, ambamo darasa zima, pamoja na metodi zake, ni faili moja. Faili elfu kumi zikawa mamia, na njia ndefu za folda zilizokuwa zikigonga ukomo wa herufi 260 wa Windows zikafupika. Msimbo wa Pharo yenyewe leo umehifadhiwa hivyo.

Kuna kilichopotea: watu wawili wakiongeza metodi katika darasa moja, sasa wanaandika kwenye faili ileile, na Git inaweza kuwagonganisha. Tonel hupunguza balaa hilo kwa kuzipanga metodi kwa alfabeti, si kwa mfuatano wa kuandikwa. Wawili hao hugongana iwapo metodi zao zimeangukia jirani. Zikiwa mbali, Git huziunganisha bila kuuliza.